Albamu Iliyopita Mtihani wa Nyundo

Siku yangu ya kwanza bendini nilitoka Issenye kwa baiskeli, gitaa mgongoni, nikafika Mugumu nimejaa vumbi mpaka masikioni. Kiongozi wa bendi hakuniuliza hata jina. "Wewe utapiga gitaa la rizimu," alisema. "Solo ni nyama, rizimu ni ugali. Mtu akikosa nyama atanuna, akikosa ugali atakufukuza." Nyie vijana wa leo mnabonyeza kompyuta, ugali unajisonga wenyewe. Sisi tulisonga kwa vidole, na vilivimba kwelikweli.

Dhahabu ilipopamba moto tukahamia Genkuru, maana wachimbaji walipenda muziki kuliko kula. Huko Kiongozi alikuwa na utaratibu wake: hakuna wimbo kwenda studio Tarime kabla haujapigwa mchana mbele ya akina mama waponda mawe, wale wanaokaa chini wakivunja mawe ya dhahabu kwa nyundo. Nyundo zikifuata mapigo, wimbo umepita. Zisipofuata tunautupa, hata kama umeutolea jasho mwezi mzima.

Kisha Mwita, mwimbaji wetu, akafa kwa homa. Jamani, tuliumia. Mama yake alikuwa mmoja wa hao waponda mawe, na hatukuweza kumtazama usoni. Hatukupiga tena mpaka tajiri mwenye vyombo vya bendi akachoka: "Nileteeni albamu mpya inayouzika, ama nachukua magitaa yangu na bendi inakwisha." Basi tukatunga nyimbo za maombolezo, zote za polepole, tukazipeleka kwenye mtihani wetu.

Nyundo zikasimama. Akina mama walifuta machozi kwa khanga, na mimi kwenye rizimu nikalia kama mtoto. Mama Mwita akainuka.

"Shikamoo mama," Kiongozi akababaika.

"Marahaba. Sikia mura, kijana wewe, mwanangu nimeshamzika. Nyie mnamzika tena ya nini?"

"Tunamuenzi, mama."

"Kwa usingizi huo? Mwita aliimba hivyo lini? Pigeni ule aliokuwa anautunga, ule wa kurusha mabega!"

"Ule hauna mwimbaji, mama."

Akaketi, akashika nyundo, akaanza mwenyewe: ko, ko, ko-ko. Wenzake wakadakia. Tumba ikaingia, besi ikaingia, nami nikafuata. Halafu Mama Mwita akaimba, maneno yote, kwa sauti kavu yenye vumbi. Kumbe kijana alikuwa akiyajaribia nyumbani!

Maombolezo tukayatupa, tukapanga nyimbo nyingine za mwendo huo, tukampeleka Tarime na wenzake wawili, nyundo na mawe yao kwenye gunia. Fundi mitambo, ndiye anayerekodi, alipiga kelele: "Hii ni studio au machimbo?" Lakini alirekodi, na albamu ile ikapigwa madukani mpaka Sirari. Magitaa yakabaki kwetu.

Sasa nimestaafu, vidole vimekakamaa, na namshukuru Mungu kwa kazi iliyonilisha huku nikicheka. Watu huniuliza ni siku gani niliifurahia kuliko zote. Ni hiyo ya studio. Fundi alivua hedifoni akasema, "Safi, tumemaliza," tukaanza kukumbatiana. Mama Mwita hakuinuka.

"Bado," alisema. "Mwanangu aliimba juu kuliko hapo. Rudieni."

Tukarudia, naye akapanda, akapanda, mpaka akamfikia mwanawe. Ukiisikiliza albamu ile, kuna mahali rizimu inakatika kabisa. Ni mimi, nilisahau kupiga.