Mkono Usiopunga

Kwenye mlango wa benki ile, mlinzi aliitwa Jicho, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na mama yake. Alikuwa amesimama pale miaka kumi na tisa, na mara mbili aliwanasa watu wenye bastola kiunoni. Kila mlinzi mpya ilibidi aisikie hadithi hiyo mpaka aichoke.

"Usimwangalie mtu usoni," angesema. "Uso unadanganya. Angalia mikono. Mwenye silaha mkono mmoja haupungi, na kila akipiga hatua chache lazima aiguse."

Kazi aliijua kweli. Ubaya wake, alijua kwamba anaijua.

Jumatatu moja asubuhi akaja mzee mgeni, shati pana nje ya suruali, mkono wa kushoto ameubana ubavuni. Kwenye ngazi ya tatu akagusa tumbo. Mlangoni akagusa tena. Jicho akampitishia kifaa cha kukagulia chuma, nacho kikanyamaza. Angekiamini kifaa leo, miaka yote ile alikuwa anasimamia nini?

"Una nini hapo, mzee?"

"Ugonjwa tu, mwanangu. Tuongee pembeni, nakuomba."

Pembeni! Kwa Jicho hiyo ndiyo lugha ya wahalifu, na foleni nzima ilikuwa inamtazama. Sikio la kufa halisikii dawa. Akaukamata ule mkono, akaupinda, akalipandisha shati.

Hapakuwa na bastola. Palikuwa na mfuko wa plastiki uliobandikwa tumboni, ule wanaowekewa waliokatwa utumbo ili haja ipitie humo. Kidole cha Jicho kilikuwa kimenasa ukingoni, na mfuko ukabanduka.

Watu wakarudi nyuma. Mama mmoja akaziba pua. Mzee hakupiga kelele, alilishika shati lake kwa mikono miwili, akasema taratibu, "Nilikuomba pembeni, mwanangu."

Jicho alitamani ardhi ipasuke immeze. Alimpeleka msalani, akamletea ndoo na sabuni, akavua sweta lake ili ampe, kisha akasimama nje akiuomba msamaha mlango uliofungwa. Maji yakishamwagika hayazoleki.

Meneja hakumkaripia. Wenzake walimpoza: "Ungejuaje, kaka?" Maneno hayo yalimchoma kuliko matusi, maana yeye alikuwa ameambiwa, tena kwa heshima. Tangu siku hiyo hakumfundisha mtu tena, na akiitwa Jicho alijifanya hasikii.

Wiki tatu baadaye yule mzee alirudi. Jicho akamwona tangu chini ya ngazi, akakimbilia kumfungulia mlango, kifaa amekificha nyuma ya mgongo.

"Pita tu, baba."

Mzee hakupita. Alikuwa ameshafungua vifungo. Akalipandisha shati mpaka kifuani mbele ya foleni nzima, akageuza uso ukutani, akangoja.

"Shusha shati, baba. Tafadhali."

"Kagua kwanza," mzee akasema.