Siku Baba Alipopaka Rangi Pikapu

Juzi, mjini Kyela, nilimkuta fundi akisugua bampa ya plastiki kwa msasa. Harufu ya rangi ikanirudisha nyumbani Ikolo, alasiri ile Baba alipokuwa akiitengeneza pikapu yetu ya mtumba.

Plastiki za juu ya magurudumu zilikuwa zimechubuka kwa miiba ya njiani. Baba aliziba nyufa kwa vipande vya beseni alivyoviyeyusha kwa msumari wa moto, akasugua, kisha akapaka rangi nyeusi. Mimi nilimshikia kopo.

"Baba, unakwenda kumchukua Mama hospitali?"

"Ndiyo, mwanangu. Leo anarudi nyumbani."

Nikavaa gauni langu la Krismasi. Wanawake walipoanza kufika wakilia, nilidhani ni furaha, nikawaambia wasubiri kidogo, Mama yuko njiani. Shangazi alinikumbatia.

Jioni pikapu ilirudi polepole, wanaume wamekaa nyuma. Sasa najua walikuwa wamelizunguka jeneza. Siku ile nilikimbilia mlango wa mbele wa pikapu, nikaufungua, nikaanza kumtafuta Mama kwenye kiti.