Hotidogi ya Mjukuu Wangu

Mjukuu wangu alipotolewa mafindofindo ya koo hospitalini alikataa kula. Hata maji akipewa, anayaweka mdomoni mpaka yanapata moto, kisha anayatema kwenye sinki. Mtoto wa miaka sita, mrembo kuliko watoto wote wa Great Barr, mtaa wetu huku ng'ambo, na simsifu kwa sababu ni wangu, alikuwa amebaki macho na masikio.

Mamake, binti yangu, ni nesi. Alipiga simu wodini wakamwambia mtoto asipomeza kitu kufikia jioni, arudishwe atundikiwe maji. Yeye alitaka nimpe mkate uliochomwa, mgumu, eti kidonda cha koo hupona kikikwaruzwa. Nilimuuliza kama huo unesi alisomea watu au mbuzi. Mimi nimelea watoto kwa uji. Nikakoroga uji laini kama maziwa. Mtoto akautazama kama nimemletea matope.

Na siku hiyo shuleni kwao ilikuwa siku ya hotidogi. Darasa zima linakula, yeye yuko kwenye kochi na blanketi. Akalia bila sauti, maana sauti nayo inauma. Nikamuuliza anataka nini.

"Hotidogi, Shosho."

Sasa mimi hotidogi siipendi. Soseji imelala ndani ya mkate kama mgonjwa kwenye machela. Lakini nilichemsha soseji, nikaipasua katikati kama wauza smokie, zile soseji za barabarani kwetu, kitunguu na pilipili nikaviacha, nikatia tomato sosi. Mkate nikauchoma, shingo upande.

Aliuma. Akatafuna, akatafuna, machozi yanamtiririka. Nilishika meza kwa mikono miwili, nikalikodolea macho koo lake. Likapanda. Likashuka.

"Inauma?"

Akatikisa kichwa kwamba ndiyo, akauma tena.

Binti yangu alishuka ngazi amebeba mkoba wa hospitali, tayari kumrudisha mtoto. Alipoona mashavu ya mtoto yamejaa, alikaa pale pale kwenye ngazi, mkoba mapajani.

"Mama, huo mkate umeuchoma?"

"Nyamaza, mtoto anakula."

Akacheka na kulia kwa pamoja, kisha akapiga simu wodini kuwaambia hatuji. Mimi niliegemea friji, nikamshukuru Mungu kwa Kikikuyu, maana Kiswahili kilikuwa kimenikimbia.

Mtoto akalamba vidole, akaomba nyingine. Sufuria ilikuwa bado motoni.