Siku Mabingwa Walipokuwa Jikoni

Juzi nilikuwa kwa dada yangu, mtaani Hamugembe, ujumbe ukaingia kwenye simu. Sekondari niliyosoma kule Muleba imeamua kututambua rasmi sisi wasichana tuliotwaa ubingwa wa mpira wa miguu wa mkoa. Tutapewa vyeti. Wanaomba na picha ya siku tulipokabidhiwa kombe. Picha! Nilicheka mpaka dada akauliza kuna nini, na hakikuwa kicheko cha furaha.

Rafiki yangu, siku ile ilikuwa hivi. Ulikuwa msimu wa senene, wale panzi wetu wa kuliwa, na mwalimu mkuu alitaka mgeni rasmi ale ashibe. Nani apike? Sisi, maana eti tulikuwa na nidhamu. Tangu asubuhi tulimenya ndizi hadi vidole vikawa vyeusi kwa utomvu, tukanyonyoa senene mbawa na miguu, moshi wa kuni ukitutoa machozi. Goti langu lilikuwa bado limevimba tangu fainali, ambayo bao lake pekee nilifunga mimi. Harufu ya senene wakikaangwa naipenda hadi leo, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Tukiwa jikoni tukamsikia mgeni rasmi akiuliza kwenye kipaza sauti, "Mabingwa wako wapi?"

"Waitu mheshimiwa, wanatuandalia chakula," mwalimu mkuu akajibu, kwa ile "waitu" ya Kihaya ya kumnyenyekea mkubwa.

Watu wakapiga makofi. Kombe akalipokea kapteni wa wavulana, ambao walitolewa mapema mno. Golikipa wetu, binti wa kisiwani Bumbire, alitupa kisu kwenye maganda akakaa chini.

Kisha nikapewa jagi na beseni niwanawishe wageni. Kwetu binti hamhudumii mgeni akiwa amesimama, basi nikapiga magoti, goti bovu nalo likaenda chini. Mgeni rasmi akanyoosha mikono yake laini, akaniuliza, "Na wewe binti, huwa unacheza mpira?"

Mwalimu mkuu alikuwa ananikodolea macho.

"Hapana, baba," nikasema.

Safu ya nyuma yake alikaa bibi yangu. Alikuwa ametoka Rubafu alfajiri, amevaa gomesi yake ya kwendea misa, na majirani wote alikuwa amewaaga kwamba anakwenda kumwona mjukuu wake akipewa kombe. Nilipomfikia alinawa polepole.

"Mwanangu, ungeniambia tu kwamba unapika," alisema. "Kupika si aibu."

Nilimwapia. Nilimwonyesha goti. Aliitikia "sawa" ile ya kumnyamazisha mtoto, na habari za mpira hakuniuliza tena maisha yake yote.

Jiko lile limebomolewa. Mwalimu mkuu amestaafu, na nasikia wanamwita mlezi wa soka la wasichana. Mlezi! Bibi amekufa akijua mjukuu wake ni mwongo. Cheti chao sikitaki. Wakipeleke Rubafu, wakamsomee kaburini.