Msanii Mkazi na Godoro Lake

Msimamizi wa kituo cha jamii aliponipigia simu kuniambia kwamba nimechaguliwa kuwa msanii mkazi, mume wangu alicheka mpaka akakohoa.

"Msanii? Kwa jinsi unavyowapiga watu kalenda na nguo zao, kila siku njoo kesho, hapo wamepatia."

Mimi ni fundi cherehani. Nashona sare za shule, napunguza suruali, nabadilisha zipu. Wifi yangu ndiye aliyepeleka jina langu kwenye ule mpango wa mafundi na wasanii wa mtaani: unapewa chumba na meza kubwa kwa miezi mitatu, ushone unachotaka wewe, si anachotaka mteja.

Lakini mimi nilishika neno moja tu, mkazi. Nikafunga godoro na chandarua, nikaaga nyumba kwa nyumba. Mama mkwe alilia kidogo. Nami nikalia kumzidi, nisije nikaonekana nafurahia kuondoka.

Msimamizi alinipokea mlangoni, macho yake kwenye godoro lililokuwa kichwani kwangu.

"Mama, hapa ni kazi tu. Jioni tunafunga."

"Na wakazi?"

"Wanarudi kwao."

Nirudije, na mtaa mzima umeshanililia? Walipofunga nilipita vichochoroni na godoro langu, nikaingia nyumbani kwa mlango wa nyuma. Mume wangu alikuwa jikoni.

"Wameshakufukuza?"

Kesho yake, mbele ya ile meza, ikanijia aibu nyingine: sikujua ninataka kushona nini. Miaka yote nimeambiwa urefu, upana na rangi. Wiki nzima nikashona na kufumua. Mfinyanzi wa chumba cha pili akachungulia, mikono imejaa udongo.

"Shoga, leo unafumua nini?"

Nikamsimulia habari ya godoro. Alicheka mpaka akajipaka udongo usoni. Kumwona vile nikajua cha kushona. Nikachukua mabaki ya sare, nikaushona mtaa wetu: milango, kamba za nguo, mama mkwe na leso yake, na katikati mwanamke mwenye godoro kichwani, anaondoka kwa maringo. Kwa mara ya kwanza nilisahau kula mchana, na si kwa sababu ya mteja mkali.

Siku ya maonyesho ya kufunga mpango, mtaa wote ulikuja. Mama mkwe alisimama mbele ya kitambaa kwa muda mrefu.

"Huyu ni mimi? Mbona umeninenepesha?"

"Ni kitambaa, mama, kimevimba."

Akaita majirani waje wamwone.

Kisha nikaitwa kueleza kazi yangu mbele ya mgeni rasmi. Maneno yote yakanikimbia. Mikono ikabaki na akili zake: ikavua utepe wa kupimia shingoni, ikamzungushia mgeni rasmi kifuani. Mgeni naye, bila kuuliza, akainua mikono juu, kama mteja mzoefu.

Nikamsomea kipimo kwa sauti. Watu wakapiga makofi.