Filamu ya Ng'ombe za Kirolirwe

Leo nimeunguza uso wa Bahati mbele ya mama yake.

Uso wa mu filamu, marafiki. Bahati mwenyewe, muchungaji, aliuawa mwaka jana mu vita.

Asubuhi, ku masomo hapa Mweso, tulifunika madirisha na mablanketi, tukatundika kitambaa cheupe ku ukuta. Mie njo naendeshaka mashine ya filamu. Nikaonyesha filamu ya zamani, ng'ombe za kule malisho ya Kirolirwe.

Mara Bahati huyu hapa, na fimbo yake. Akageuka, akacheka.

Mama yake akasimama.

«Papa, simamisha hapo. Niangalie mutoto wangu.»

Nilijua: ukisimamisha filamu, taa inaiunguza. Lakini mama akikuomba vile, wewe ungefanya nini? Muniambie.

Nikasimamisha.

Bahati akatulia, anamuangalia mama yake. Kisha doa ya kahawia ikaanza ku jicho, ikafunguka, ikakula kichwa chote.

Nikazima mashine.

Nikakata kipande chenye kuungua, nikaunga, nikaendelea. Sasa Bahati anageuka, na palepale hayuko tena. Ng'ombe zinatembea zenyewe.

Nikamuomba mama musamaha. Macho yake yalikuwa bado ku kitambaa.

«Njo vile ilikuwa ile siku, Papa. Ng'ombe njo zilirudi.»