Vigingi vya Ramisi na Minazi ya Mama

Mvua za Elnino zilipokwisha, mto Ramisi ulirudi kwenye njia yake kana kwamba haukufanya lolote. Nyumba ya mama yangu ilibaki paa lililolala chini, kuta hazipo. Yeye mwenyewe nilimkuta kwa dada yake Msambweni, mzima, amekasirika, anaulizia kuku wake.

Wakati huo nilikuwa nafua mashuka katika hoteli moja ya Diani, nikaomba ruhusa nije nimsaidie kujenga upya. Tulipofika shambani, wapima ardhi walikuwa wamekwisha kupita. Walichomeka vigingi vyekundu kuanzia darajani hadi mashamba ya chini, na kimoja kilisimama katikati ya lililokuwa jiko letu. Chifu aliitisha baraza akatueleza: ukingo ni wa mto, ndivyo sheria inavyosema. Kutoka kwenye vigingi kushuka chini hapajengwi, iwe nyumba ya udongo au ya mawe.

Mimi niliiona sheria nzuri. Nilikuwa nimechoka kulala Diani nikisikiliza mvua na kumfikiria yeye. Mama hakuiona hivyo.

"Serikali yanifukuza kwa ajili ya maji yaliyokwisha kwenda zake," alisema, akaenda kukata fito.

Tena hakuwa na pengine pa kwenda. Marehemu baba alikuwa ameuza kipande chetu cha juu, penye mwinuko, kwa bwana mmoja wa bara, mkulima hodari asiyekosa kanisani. Aliuza ardhi tu. Kwetu pwani ardhi huweza kuwa ya huyu na minazi iliyosimama juu yake ikawa ya yule, na hakuna anayefundishwa hilo, mtu hukua nalo. Yule bwana hakukua nalo. Mwaka wake wa kwanza alimwita mkwezi, nazi zikaangushwa zote, na mama akatokea na pakacha lake akaziokota mbele ya macho yake bila hata salamu. Wazee waliamua kwamba nazi ni za mama. Tangu hapo wawili hao walikuwa wakipishana njiani kwa kukohoa.

Nilipomwambia akamwombe bwana huyo mahali pa kujenga, alinitazama kama niliyemtukana. Basi tukaendelea palepale chini, yeye akipanga fito, mimi nikigeukageuka kama mwizi, chifu asije akatuona. Tulianza kuchimba mashimo ya nguzo. La kwanza lilipofika kina cha mkono, maji yalianza kutokeza chini yake, taratibu, na jua linawaka. La pili vilevile. Mama alipiga magoti, akatia mkono ndani, akautoa na tope.

"Bado umo," alisema.

Mto, alimaanisha. Akauacha mtaimbo hapohapo. Alasiri alioga, akajifunga leso zake za kutokea, tukapanda kwa jirani.

"Hodi hapa!"

"Karibu, mama. Karibu kiti."

Alikaa ukingoni mwa kiti. "Jirani, sheria imenitoa kule chini. Nimekuja kukuomba mahali pa kuweka kibanda, tafadhali."

Yule bwana aliitazama minazi uani. Hakuwa mtu mbaya, na nilitamani awe mbaya, ningejua la kumfanyia.

"Mahali iko, mama," alisema. "Lakini hii maneno ya minazi imenichosha. Ukae kwangu, na minazi ikuwe yangu. Tumalize."

Nilifungua kinywa, mama akanibana goti. Minazi ile aliipanda akiwa bibi harusi, akiipandishia maji ya mtoni kwa kichwa, mtungi baada ya mtungi.

"Chukua," alisema. "Yote."

Nadhani jirani alishtuka kuliko sisi. Alituonyesha mahali pazuri, hata fito akatuongezea.

Masika yaliyofuata mto ulipanda ukavipita vigingi, na mama akalala pakavu. Kwa hilo sina la kuilaumu sheria. Ilijua vizuri mtu asikae wapi. Mahali pa kukaa ilimwachia mwenyewe akapatafute, na jambo hilo linanikera mpaka leo.

Maji yalipopungua nilikwenda kumtazama. Nilishuka garini na kiu yangu, nikamwomba dafu kama nilivyozoea tangu utotoni. Mnazi wenyewe ulikuwa hatua chache kutoka mlangoni, umejaa. Mama aliendelea kufagia ua, kisha akasema bila kuinua macho, "Nenda kamwombe mwenyewe kwanza, mwanangu."

Nilikwenda. Nilifika mpaka mlangoni kwa jirani, nikarudi na kiu yangu bila kupiga hodi.